Dawa ile ile, njia tofauti: mwongozo wa kutoa dawa kwa usalama wakati wa dharura

Chukua kichupa kidogo cha adrenalini, kile cha mililita 1 chenye miligramu 1 ndani. Mtu mzima aliyevimba koo kwa mzio mkali anahitaji nusu yake, mililita 0.5, ichomwe kwenye msuli wa paja. Mtu mzima ambaye moyo umesimama anahitaji chote, mshipani, na arudiwe kila baada ya dakika 3 hadi 5. Sasa chukua yule wa mzio, ambaye moyo bado unadunda, umsukumie miligramu 1 nzima mshipani. Presha inaruka ghafla, moyo unaanza kupiga ovyo, na mtu aliyeletwa kwa tatizo la koo anaweza kufa kwa tatizo la moyo.

Kosa hili hutokea kweli, na mara nyingi anayelifanya ni mtu anayeijua kazi yake ila ana haraka. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye njia ya dawa. Njia ni sehemu ya dozi: ukibadilisha njia, umebadilisha dozi, hata kama miligramu ni zile zile.

Nimewaandikia wauguzi, matabibu na wahudumu wa gari la wagonjwa. Vipimo nilivyotaja ni vinavyotumika sana, lakini mwongozo wa kituo chako ukitofautiana na huu, fuata wa kituo chako. Kama wewe si mhudumu wa afya, kuna mambo machache unayoweza kufanya. Yako kwenye sehemu ya dawa za mdomo.

Maswali matatu kabla ya kugusa sindano

La kwanza: anaweza kumeza? Mtu aliyelegea, anayetapika au aliye kwenye degedege haongezewi kitu mdomoni, hata maji. Kitakachoingia kitakwenda kwenye mapafu.

La pili: damu yake inafika wapi? Hili ndilo linalosahaulika. Mgonjwa aliye kwenye mshtuko, presha chini na mikono baridi, mwili wake umeshaamua kuinyima damu ngozi, misuli na utumbo ili ubongo na moyo vipate. Ukimchoma mofini msulini, dawa inabaki pale pale. Unaona bado analia kwa maumivu, unamwongeza nyingine. Baadaye dripu zinaingia, presha inapanda, misuli inapata damu, na dozi zote mbili zinaingia mwilini kwa mkupuo. Mgonjwa uliyemwacha akizungumza unamkuta hapumui vizuri. Kwa hiyo kwenye mshtuko wa kupoteza damu, dawa za maumivu huenda mshipani, kidogo kidogo, ukimtazama.

La tatu: una dakika ngapi? Kidonge kinataka nusu saa au zaidi. Msuli unataka dakika kadhaa. Mshipa na mfupa ni sekunde hadi dakika. Lakini mshipa unaotafutwa kwa dakika kumi ni wa polepole kuliko paja unalolichoma mara moja. Njia ya haraka ni ile unayoipata sasa hivi.

Mezani: pale makosa mengi yanapozaliwa

Watu hudhani hatari iko kwenye ncha ya sindano. Mimi naamini iko mezani, pale dawa inapovutwa. Zamu moja ya usiku nilikuta mabomba mawili ya sindano kwenye trei, yote yana maji maangavu, yote hayana jina. Moja lilikuwa salaini, yaani maji ya chumvi. Jingine lilikuwa midazolamu, dawa ya kutuliza degedege na kulaza usingizi. Lipi ni lipi, hata aliyeyajaza hakuwa na hakika. Tuliyamwaga yote mawili. Tangu hapo sharti langu ni moja: bomba lisilo na jina halina dawa, lina takataka.

Fuata mpangilio huu kila mara, hata watu wakipiga kelele nyuma yako:

1. Uliza kuhusu mzio na uzito. Mtoto asipoweza kupimwa, tumia utepe wa urefu wa kukadiria uzito au muulize mzazi. Usikisie kwa macho.
2. Soma lebo unapochukua kichupa, isome tena unapovuta, isome mara ya tatu kabla ya kukitupa. Rangi ya kifuniko si jina la dawa. Viwanda hubadilisha rangi.
3. Fanya hesabu kwa sauti au kwenye karatasi, na mwenzako aihesabu upya mwenyewe. Kumwonyesha jibu lako na kumuuliza "ni sawa, eti?" hakumsaidii mgonjwa, atakubali tu.
4. Vuta, toa hewa, bandika jina la dawa, nguvu yake kwa mililita na saa uliyoiandaa.
5. Sindano moja na bomba moja kwa mgonjwa mmoja. Kubadilisha sindano huku bomba likiwa lile lile hakuzuii maambukizi.

Hesabu zinazowachanganya watu ni za uwiano na asilimia, kwa hiyo zikariri. 1:1,000 maana yake ni miligramu 1 katika kila mililita. 1:10,000 ni miligramu 0.1 katika kila mililita. Asilimia 1 ni miligramu 10 katika kila mililita. Marekani iliacha kuandika uwiano kwenye lebo za adrenalini mwaka 2016 kwa sababu ya mkanganyiko huu huu, ikabaki na miligramu kwa mililita. Ukiwa na kichupa cha 1:1,000 na unataka 1:10,000, vuta mililita 1 ya adrenalini, ongeza mililita 9 za salaini, changanya. Mtoto wa kilo 12 ambaye moyo umesimama anahitaji miligramu 0.01 kwa kilo, yaani miligramu 0.12, ambayo ni mililita 1.2 za mchanganyiko huo.

Kwenye kuandika: andika 0.5, usiandike .5, maana nukta hupotea na nusu inakuwa tano. Andika 5, usiandike 5.0, maana itasomwa hamsini. Neno "mikrogramu" liandike lote.

Maagizo ya mdomo yarudishwe. Daktari anasema, "Sista, adrenalini miligramu 1 mshipani." Sista anajibu, "Adrenalini miligramu 1 mshipani, naandaa." Akishatoa anasema, "Adrenalini miligramu 1 imeingia mshipani, saa 4 na dakika 12." Wageni wa kazi huona hii ni maigizo. Waache wafanye zamu tatu bila kurudisha maagizo, watakuja kukwambia dozi iliyotolewa mara mbili na dozi ambayo kila mtu alidhani mwenzake ameitoa.

Msulini

Kwa mzio mkali, paja ndilo chaguo la kwanza. Uchunguzi wa watoto uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha adrenalini ikichomwa kwenye msuli wa paja hufikia kilele katika damu kwa takriban dakika 8. Ikichomwa chini ya ngozi ya mkono ni takriban dakika 34. Kwa mtu anayezibwa koo, tofauti hiyo ni maisha.

Mlaze mgonjwa, miguu juu. Akishindwa kupumua mwache akae, lakini asisimame wala asitembezwe, maana presha inaweza kuporomoka ghafla. Tafuta katikati ya nyonga na goti, upande wa nje wa paja. Ingiza sindano wima, nyuzi 90, ndefu ya kutosha kuvuka mafuta: milimita 25 inawatosha wengi, mtu mnene anahitaji 38. Hali ikiwa mbaya, choma juu ya nguo. Mtu mzima na mtoto wa zaidi ya miaka 12, miligramu 0.5. Wa miaka 6 hadi 12, miligramu 0.3. Mdogo zaidi ya hapo, kuanzia miezi 6, miligramu 0.15. Kama hajapata nafuu baada ya dakika 5, rudia. Dawa za kuzuia kuwashwa na haidrokotisoni hazifungui koo, na nimeona watu wakizitanguliza kwa kuiogopa adrenalini. Anza na adrenalini, hayo mengine yafuate.

Makalio yana mshipa mkubwa wa neva unaopita humo. Ukilazimika kuyatumia, kaa robo ya juu upande wa nje, na kwa watoto wachanga yaache kabisa, tumia paja. Bega linabeba mililita 1, au 2 kwa mtu mwenye misuli.

Mgonjwa wa degedege lisilokoma ambaye hujapata mshipa, midazolamu msulini ni njia nzuri: miligramu 10 kwa mwenye kilo zaidi ya 40, miligramu 5 kwa mwenye kilo 13 hadi 40. Diazepamu usiichome msulini kwa kazi hii, hufyonzwa polepole na bila mpangilio.

Mshipani

Hapa hakuna kurudi nyuma. Kilichoingia kimeingia, na ndiyo sababu ya kuheshimu kasi.

Kabla ya dawa yoyote, hakikisha kanula, kile kimpira kilichowekwa mshipani, inapita: sukuma salaini mililita 5 hadi 10 huku kidole kikiwa juu ya ngozi karibu na ncha. Ikivimba, ikiwa baridi au mgonjwa akishtuka kwa maumivu, kanula imetoka. Tafuta mshipa mwingine. Hili lina uzito wa pekee kwa dawa zinazochoma nyama: adrenalini na noradrenalini, kalisi, fenitoini (dawa ya degedege), glukosi ya asilimia 50. Zikimwagika nje ya mshipa, simamisha, usiing'oe kanula kwanza, vuta kwa bomba kile kinachorudi, kisha itoe, inua mkono na mwite daktari. Kwa glukosi, kama una ya asilimia 10, itumie hiyo. Mililita 150 hadi 200 humwinua mtu mzima bila kuunguza mshipa.

Kasi hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Adenosini, dawa ya moyo unaokimbia, huvunjwa na damu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo miligramu 6 zinasukumwa kwa sekunde 1 hadi 3 kwenye mshipa mkubwa wa karibu na moyo, na mililita 20 za salaini zinafuata mara moja. Ukiisukuma taratibu, umeipoteza njiani. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia kuvuja damu, ni kinyume chake: gramu 1 kwa dakika 10, maana ikikimbizwa inashusha presha ya mtu ambaye tayari anavuja damu. Ianze ndani ya saa 3 tangu jeraha. Baada ya hapo inaweza kudhuru. Fenitoini kwa mtu mzima isizidi miligramu 50 kwa dakika, ndani ya salaini tu, kwa sababu kwenye glukosi inaganda chembechembe. Kalisi na baikaboneti navyo vikikutana kwenye mpira vinafanya chokaa. Sukuma salaini katikati yao.

Potasiamu kloridi haisukumwi. Hata kidogo, hata na daktari mkubwa. Huzimuliwa kwenye dripu, huchanganywa vizuri, na huingia polepole mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kusoma moyo. Vichupa vyake visikae droo moja na maji ya kuzimulia, maana gizani vinafanana.

Magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba ni dawa inayotumia njia mbili kwa mpigo: gramu 4 mshipani, zikiwa zimezimuliwa hadi asilimia 20, kwa dakika 5 hadi 20, kisha gramu 5 kila kalio, za asilimia 50 zisizozimuliwa, pamoja na lignokaini kidogo kwa ajili ya maumivu. Ona mtego: kichupa ni kimoja, nguvu ni mbili. Kabla ya kila dozi inayofuata angalia mambo matatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa. Goti lisiporuka, usitoe. Kalisi glukoneti gramu 1, mililita 10 za asilimia 10, iwe imewekwa kando ya kitanda tangu mwanzo.

Dripu bila mashine huhesabiwa kwa matone: mililita zidisha kwa matone ya seti, gawanya kwa dakika. Mililita 500 kwa saa 4, kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni 500 × 20 ÷ 240, karibu matone 42 kwa dakika. Ihesabu kwa saa yako dakika nzima, kisha rudi baada ya robo saa. Mgonjwa akikunja mkono, hesabu yako imebadilika.

Ndani ya mfupa

Wengi huichelewesha njia hii kwa woga. Mishipa ikishindikana mara mbili kwa mgonjwa mahututi, acha kuitafuta. Uboho ni kama mshipa usionywea hata mwili ukikauka damu, na karibu kila dawa ya dharura inayopita mshipani hupita hapa kwa dozi ile ile.

1. Chagua mfupa wa muundi chini ya goti, upande wa mbele: papasa kifundo cha mfupa huo chini ya pia ya goti, shuka sentimita 2, sogea sentimita 1 hadi 2 upande wa ndani, penye bapa. Usitumie mfupa uliovunjika, wenye kidonda kilichooza, wala uliokwisha kutobolewa siku mbili zilizopita.
2. Safisha, shikilia mguu kwa pembeni. Mkono wako usikae nyuma ya mguu, sindano isije ikakutoboa wewe.
3. Ingiza wima kwa kuzungusha, ukikandamiza, mpaka uhisi ukinzani umeachia ghafla. Simama hapo.
4. Sindano isimame yenyewe. Vuta uboho ukipatikana. Usipopatikana si lazima iwe umekosea. Sukuma salaini, tazama mguu nyuma na pembeni. Ukivimba, toa, nenda mguu mwingine. Mfupa huo umeshatobolewa.
5. Mgonjwa mwenye fahamu atapiga kelele zaidi wakati wa kusukuma kuliko wakati wa kutoboa. Mtu mzima mpe lignokaini isiyo na adrenalini miligramu 40 taratibu kwanza.
6. Dripu haitashuka vizuri yenyewe. Ibane mfuko kwa kifuko cha presha au sukuma kwa bomba. Toa sindano ndani ya saa 24.

Kuna njia moja ya zamani, ya kumimina dawa kwenye mpira wa kupumulia. Dawa hufyonzwa vibaya na bila kutabirika. Ukiwa na sindano ya mfupa, huihitaji.

Pua, hewa na puru

Pua ni njia nzuri sana kwa naloksoni (dawa ya kuondoa nguvu ya afyuni) na midazolamu, mradi dawa iwe na nguvu kubwa katika mililita chache. Tundu moja haliwezi kubeba zaidi ya mililita 1, inayozidi inamezwa. Gawa nusu kwa nusu, tumia kifaa cha kupulizia, elekeza juu na nje kuelekea sikio. Pua iliyojaa damu au kamasi haifai. Na naloksoni huisha kati ya dakika 30 na 90, wakati afyuni iliyomlaza mgonjwa inaweza kudumu zaidi. Anayeamka na kutaka kwenda zake, mshawishi abaki.

Kwa pumu, salbutamoli ya kupuliza kwenye chupa yenye nafasi ya hewa, pulizo moja moja, pumzi tano kila moja, hufanya kazi sawa na nebulaiza, kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke, kwa mgonjwa asiye mahututi. Ukitumia nebulaiza kwa mgonjwa mwenye upungufu wa hewa, isukume kwa oksijeni, lita 6 hadi 8 kwa dakika. Kifua kilichonyamaza kabisa bila kupiga mluzi si nafuu, ni hatari: hewa haipiti.

Puru hutumika kwa mtoto wa degedege: diazepamu miligramu 0.5 kwa kilo, kwa bomba lisilo na sindano, kisha bana makalio pamoja dakika chache. Artesunati ya puru, miligramu 10 kwa kilo, hupewa mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye malaria kali kabla ya kupelekwa hospitali. Dozi hiyo ni ya safari tu. Akifika aanzishiwe sindano.

Mdomoni na chini ya ulimi

Anayeumwa kifua kwa namna ya moyo atafune aspirini miligramu 300, isiyo na ganda, kama hana mzio nayo wala hatapiki damu. Mwenye kisukari anayetetemeka na kutokwa jasho lakini anameza, apewe sukari gramu 15 hadi 20 ndani ya maji. Haya mawili hata jamaa wa nyumbani wanaweza, pamoja na kalamu ya adrenalini au pulizo la pumu ambalo mgonjwa mwenyewe ameandikiwa. Akizimia, mwiko kumpa chochote, mlaze ubavu.

Nitrogliserini chini ya ulimi ina masharti: namba ya juu ya presha isiwe chini ya 90, na uliza, faraghani na bila aibu, kama ametumia dawa za nguvu za kiume, sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48. Mwanamume aliyezungukwa na familia atakuficha, basi watoe nje kwanza. Na ile tabia ya kutoboa kidonge cha nifedipini na kukikamulia chini ya ulimi kwa mwenye presha ya juu iachwe: presha huanguka pasipo breki na ubongo unakosa damu.

Dawa ikishaingia

Baki pale. Dakika tano za kwanza pima presha, mapigo, pumzi na fahamu, uandike pamoja na dawa, kipimo, njia, mahali na saa. "Paja la kulia" lina maana, "imetolewa" halina.

Sindano usiirudishie kifuniko. Itumbukize kwenye sanduku la vitu vyenye ncha papo hapo. Kisanduku kikifika robo tatu, kifunge. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, toa taarifa zamu hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianze mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72.

Ukigundua umetoa dawa isiyo yake, au kwa njia isiyo yake, simamisha kinachoendelea kuingia, acha kanula mahali pake kwa ajili ya dawa ya kuokoa, mtazame mgonjwa kabla ya karatasi, kisha sema kwa sauti kilichoingia, kiasi na saa.